Usiiogope mashine ya DNA: inamtafuta mdudu wa TB, haikutafuti wewe



Leo katika ukurasa huu wa maoni nataka tuongee juu ya neno moja ambalo limeleta shida katika kazi yetu sisi wahudumu wa afya wa kujitolea. Neno hilo ni DNA.

Unajua tunapopita nyumba kwa nyumba tunauliza maswali yale yale. Je, kuna mtu hapa anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi? Anatokwa na jasho usiku? Amepungua uzito bila sababu? Ana homa isiyokwisha? Akiwepo mtu wa namna hiyo tunampa kikopo, na kesho yake analeta makohozi kliniki. Siku hizi baadhi ya watu wanauliza kwanza: "Yatapelekwa kwenye ile mashine ya DNA?" Ukijibu ndiyo, kikopo kinarudi kitupu, au hakirudi kabisa.

Wanasema mashine hiyo itajua kabila lako. Wanasema itajua kama watoto ulioandikisha ni wako kweli. Wanasema majibu yataenda kwenye ofisi ya kuhamishia watu nchi ya tatu. Mimi nasema hofu hii ina chanzo cha kweli, lakini imeangukia mashine isiyohusika, na watu watakufa kwa TB ambayo ingetibika. Naomba unisome mpaka mwisho, kisha uamue mwenyewe.

HOFU HII ILITOKA WAPI?

Haikutoka hewani. Mwaka 2008 serikali ya Marekani ilianza kupima DNA za wakimbizi waliokuwa katika mpango wa kuunganisha familia ulioitwa P-3. Walianzia Nairobi, kisha wakaendelea katika nchi nyingine za Afrika, Uganda ikiwa mojawapo. Serikali hiyo ilisema familia nyingi hazikuthibitika, ama kwa sababu vipimo havikulingana, ama kwa sababu watu hawakutokea kupimwa. Mpango ukasimamishwa mwaka huo huo, na ulifunguliwa tena mwaka 2012 kwa sharti la kupima DNA.

Kwetu Afrika mtoto wa marehemu kaka yako ni mtoto wako. Umemlea, umekimbia naye vitani, anakuita baba. Mashine inasema si wako. Watu wengi waliumia katika jambo lile, na wazee wetu wanalikumbuka. Kwa hiyo mzee akisikia DNA na kukunja uso, usimcheke. Ana sababu.

Lakini kipimo kile cha undugu kilifanywa kwa pamba iliyopitishwa ndani ya shavu. Pamba ya mzazi na pamba ya mtoto zilipelekwa maabara ya namna nyingine kabisa, zikalinganishwa. Makohozi ya TB hayaendi huko, wala mashine yake haiwezi kufanya kazi hiyo. Nitaeleza kwa nini.

MASHINE INAFANYA NINI HASA?

Mashine ninayoizungumzia inaitwa GeneXpert. Shirika la Afya Duniani liliipitisha kwa ajili ya TB mwezi Desemba 2010, na Kenya na Uganda zote zinaitumia. Kwa nje ni kama sanduku lenye milango midogo, limeunganishwa na kompyuta.

Kila kiumbe hai kina DNA. Mahindi yana DNA, mbuzi ana DNA, na kijidudu cha TB kina DNA yake. Ni kama maandishi marefu yanayoeleza kiumbe kile kitengenezwe vipi. Maandishi ya kijidudu cha TB si maandishi yako.

Mtu wa maabara anachanganya makohozi yako na dawa ya maji inayoyalainisha na kuua vijidudu vingi. Anatikisa, anasubiri kama dakika 15, kisha anatia mililita 2 ndani ya kikasha cha plastiki kiitwacho katriji. Anakifunga, anakiweka ndani ya mashine, anafunga mlango. Kuanzia hapo mkono wa mtu haugusi kitu.

Ndani ya katriji kuna vyumba vidogo na vali inayozunguka. Vijidudu vinanaswa kwenye kichujio na kuoshwa. Halafu mashine inavipasua kwa mtetemo wa sauti kali ambayo sikio haliisikii, na DNA inatoka. DNA hiyo inasukumwa kwenye kijichumba chembamba nyuma ya katriji, na hapo mashine inapasha joto na kupoza, inapasha na kupoza, mara nyingi.

Kwa nini kupasha na kupoza? Kila mzunguko kipande cha DNA kinachotafutwa kinarudufiwa. Kimoja kinakuwa viwili, viwili vinakuwa vinne, vinne vinane. Chukua kalamu uhesabu: baada ya mizunguko 10 una vipande zaidi ya 1,000, baada ya 20 zaidi ya 1,000,000, baada ya 30 zaidi ya 1,000,000,000. Kazi hii inaitwa PCR, na aliyeibuni mwaka 1983 ni Mmarekani Kary Mullis, ambaye alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1993. Kimeng'enya kilichoiwezesha kuwa rahisi kilitoka kwa kijidudu kinachoishi katika chemchemi za maji ya moto huko Yellowstone, Marekani, maji kama yale ya Bogoria Kenya au Sempaya Uganda. Kwa sababu kimezoea moto, hakiharibiki mashine inapopasha.

Sasa mashine itajuaje kwamba imepata kitu? Ndani ya katriji kuna vitambuzi vidogo vyenye rangi. Kitambuzi kikiwa peke yake kimejikunja, hakitoi mwanga. Kikikutana na kipande cha DNA kinachofanana nacho, kinajikunjua na kushika, na mashine ikikimulika kinang'aa. Mng'ao unapoongezeka mzunguko hadi mzunguko, jicho la mashine linauona, na kompyuta inaandika: TB imeonekana. Mwanga usipotokea inaandika: TB haikuonekana.

Katriji ya kwanza ilikuwa na vitambuzi 5 vya kijidudu cha TB, vyote vikitazama sehemu moja fupi yenye herufi 81 tu. Sehemu hiyo ndiyo inayobadilika kijidudu kinapokuwa sugu kwa dawa ya rifampisini, ambayo ni nguzo ya matibabu ya TB. Kitambuzi kimoja kikikataa kushika, tunajua herufi zimebadilika na huenda dawa ya kawaida haitafanya kazi. Kitambuzi cha 6 kilikuwa cha mashine kujipima yenyewe, isije ikasema hakuna TB kumbe kipimo kimeharibika.

KWA NINI HAIWEZI KUKUJUA WEWE

Sikufichi: makohozi yako yana chembe za mwili wako pia. Nyingi huondolewa katika kuoshwa. Hata zinazobaki hazirudufiwi, kwa sababu dawa zilizomo ndani ya katriji zimetengenezwa zishike maandishi ya kijidudu cha TB peke yake. Ni kama ufunguo wa kufuli moja. Ukipita na ufunguo huo kambi nzima, utafungua mlango mmoja tu.

Nikupe mfano wa kweli. Mashine hiyo hiyo ina katriji nyingine ya Ebola. Katriji ile ilitengenezwa kwa ajili ya aina ya Ebola iitwayo Zaire. Tarehe 20 Septemba 2022 Uganda ilitangaza mlipuko wa Ebola aina ya Sudan, ulioanzia Mubende. Katriji ile haikuweza kusaidia. Virusi walikuwa ndugu wa wale inaowajua, lakini maandishi yao yalikuwa tofauti, basi haikuwaona. Ilibidi watumie vipimo vingine maabara mpaka mlipuko ulipotangazwa kwisha Januari 2023.

Fikiri juu ya jambo hilo. Mashine ambayo haikuweza kutambua Ebola kwa sababu aina ilikuwa nyingine, itatambuaje kabila la babu yako? Inajibu swali lililomo ndani ya katriji, basi. Katriji ya TB inauliza: kijidudu cha TB kipo? Kikiwepo, je, ni sugu kwa rifampisini? Haina swali la tatu. Na baada ya kipimo katriji haifunguliwi, inatupwa na taka za hospitali.

SOMO LA BUSIA NA TORORO

Wengi wetu tulioingia Kenya kutoka Uganda, Kongo, Rwanda au Burundi tulipita Busia au Malaba. Tunaujua mpaka ule: foleni ya matrela, wabadilishaji fedha, akina mama wenye mizigo ya ndizi, baiskeli na pikipiki. Neno boda boda lenyewe lilizaliwa mpakani hapo. Nimesoma darasa kadhaa upande wa Tororo kabla ya kuja huku, na naona mpaka ule una mambo mawili ya kutufundisha.

La kwanza ni la mwaka 2008. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 kulitokea ghasia, na maelfu ya Wakenya wakavuka Busia na Malaba kuingia Uganda. Walipokelewa katika kambi ya muda ya Mulanda, wilaya ya Tororo, kisha wengi wakahamishiwa Kiryandongo. Sasa fikiri mtu mwenye kikohozi katika safari kama ile. Wakati ule, kujua kama TB ni sugu kulihitaji kuotesha vijidudu maabara, kazi ya wiki nyingi. Mtu anatoa makohozi leo Busia, wiki ijayo yuko Mulanda, mwezi ujao yuko Kiryandongo. Majibu yakitoka, mwenyewe hayupo. Na kule anakolala amezungukwa na watoto katika hema moja.

Hadubini ilikuwepo, na majibu yake ni ya siku hiyo hiyo au kesho yake. Lakini ili hadubini ione TB, kila mililita ya makohozi inahitaji kuwa na vijidudu kama 10,000. Katriji ya kwanza ya GeneXpert iliweza kuona kwa vijidudu kama 130. Ile mpya iitwayo Ultra, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwaka 2017, inaona hata kwa vijidudu kama 16. Majibu ya ile ya kwanza huchukua chini ya saa mbili, ya Ultra karibu dakika 80. Mkaazi wa kudumu mjini anaweza kuvumilia kipimo cha polepole. Sisi watu wa kuhama tunahitaji kipimo ambacho majibu yake yanatukuta bado tupo. Ndiyo maana nasema mashine hii, kama kuna watu inawafaa, ni sisi.

Somo la pili ni la mwaka 2020, wakati wa korona. Madereva wa matrela walitakiwa wapimwe mpakani. Upande wa Uganda sampuli zilipelekwa maabara ya virusi ya Entebbe, zaidi ya kilomita 200 kutoka mpakani. Upande wa Kenya zilipimwa maabara ya KEMRI iliyoko Alupe, Busia, mahali palipokuwa na hospitali ya wakoma tangu zamani. Madereva walilala barabarani siku nyingi wakisubiri majibu, na foleni ikafika kilomita nyingi ndani ya Kenya. Walipika kando ya barabara, walichangamana, na wenyeji wakawaogopa. Mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki iligawa kwa nchi wanachama maabara 9 za kuhamishika.

Foleni ile haikutokana na sayansi kukosekana. Kipimo cha PCR kilikuwepo tangu mwanzo. Tatizo lilikuwa umbali kati ya pua ya dereva na mashine. Jambo hilo hilo linatokea kwa TB. Mashine ikikaa hospitali kubwa na mgonjwa akakaa kambini, mashine ile ni sawa na kisima kilichoko ng'ambo ya mto uliofurika.

MASHINE BADO HAIJAKAMILIKA

Sijaandika haya ili niisifu kampuni ya mtu. Wahandisi walifanya kazi kubwa. Zamani kipimo cha DNA kilihitaji vyumba vitatu vilivyotengana, ili DNA iliyorudufiwa isirudi kuchafua sampuli mpya. Wao walivitia vyumba vyote vitatu ndani ya kikasha kinachoenea mkononi. Lakini ukiitazama mashine hiyo utaona ilibuniwa na watu ambao taa zao hazizimiki.

Inahitaji umeme usiokatika. Umeme ukikatika katikati ya kipimo, kipimo kimeharibika na katriji imepotea. Inatakiwa ikae kwenye chumba cha joto la kati ya digrii 15 na 30, na katriji zihifadhiwe zisipite digrii 28. Wewe unayelala chini ya bati unajua saa nane mchana huwa tuna digrii ngapi. Inahitaji kukaguliwa vipimo vyake kila mwaka, na fundi wake hatoki jirani. Vumbi ni adui yake, na vumbi ni jirani yetu.

Halafu kuna bei. Katriji moja ya TB iliuzwa dola 16.86 kwa nchi maskini mpaka mwaka 2012, wafadhili walipolipa ili ishuke kuwa dola 9.98. Ilikaa hapo zaidi ya miaka kumi. Baada ya wagonjwa na mashirika kupiga kelele, mwezi Septemba 2023 ilishuka kuwa dola 7.97. Madaktari Wasio na Mipaka wamedai kwa miaka mingi kwamba ingeweza kuuzwa dola 5. Mimi nawaunga mkono. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada ya afya, tuliona jinsi vipimo vinavyotegemea mfuko wa mtu mwingine vinavyotikisika.

Mwaka 2015 kampuni ilitangaza mashine ndogo ya betri iitwayo Omni, ya kutumika vijijini. Watu walingoja. Haikufika, kampuni iliuacha mradi huo. Wahindi wa Goa ndio walioleta Truenat, inayotumia betri, na Shirika la Afya Duniani likaikubali mwaka 2020. Kenya na Uganda zimeanza kuitumia. Kwa hiyo inawezekana.

Maoni yangu ni haya: mtu anayebuni mashine kama hii aanze kuuliza maswali kambini, asianze kiwandani. Je, itafanya kazi siku nzima kwa betri au nguvu ya jua? Itavumilia digrii 40? Mtu aliyesoma sekondari kama mimi ataweza kuitumia baada ya mafunzo ya siku chache? Ikiharibika, kipande kilichoharibika kitabadilishwa hapa hapa, au tungoje miezi? Na swali la mwisho, ambalo wahandisi hulisahau: majibu yatamfikiaje mgonjwa? Kompyuta ikiandika "TB imeonekana" na mgonjwa asijue, kipimo hakijakwisha.

NINACHOOMBA KWA SHIRIKA

Kwa heshima nawaomba wakubwa wetu wa shirika mambo manne.

1. Mtuandikie wazi, kwa lugha tunazosoma, kwamba makohozi ya TB hayatumiki kwa kipimo cha undugu wala uraia, na mbandike tangazo hilo kliniki. Mdomo wa mhudumu wa kujitolea hautoshi. Mtu anataka karatasi yenye mhuri.

2. Mtueleze nani anaona jina la mgonjwa katika kompyuta ya mashine, na nani haruhusiwi. Hofu ya watu haitaondoka kwa kuambiwa "msiogope". Itaondoka wakijua utaratibu.

3. Mashine ikisimama kwa sababu ya umeme au katriji kwisha, mtangaze siku hiyo hiyo. Mama akitembea saa mbili na kikopo akaambiwa mashine haifanyi kazi, hatarudi, na jirani yake hatakuja.

4. Mashine iwe karibu, na ikiwa haiwezekani, basi pikipiki ya kubeba sampuli iwe na siku zinazojulikana. Uganda imefanya hivyo: waendesha pikipiki huzunguka vituo vya afya kukusanya sampuli na kurudisha majibu. Boda boda iliyozaliwa mpakani inaweza kuokoa watu na huku kwetu.

NINACHOKUOMBA WEWE

Sasa narudi kwako msomaji, kwa sababu shirika likifanya yote hayo na wewe ukabaki na kikopo kitupu, hakuna faida.

Najua kuna hofu nyingine ambayo watu hawaisemi kwa sauti. Mtu ana jina katika orodha ya kusafiri na anaogopa kwamba TB ikijulikana safari itafutwa. Nikujibu kwa ukweli. TB inayoambukiza huchelewesha safari mpaka mtu atibiwe. Lakini kabla ya kusafiri kila mtu anapimwa afya, na picha ya kifua inapigwa. Ukificha leo, itaonekana siku hiyo, wakati umeshauza vyombo na kuaga majirani, na mapafu yameshaharibika zaidi. Aliyeanza dawa mapema ndiye anayemaliza mapema. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Matibabu ya TB ya kawaida ni ya miezi 6 na ni bure, kwa mkimbizi na kwa mwenyeji. Hata TB sugu, ambayo zamani ilihitaji mwaka mmoja na nusu au zaidi pamoja na sindano, tangu mwaka 2022 kuna dawa za miezi 6 za kumeza kwa wagonjwa wengi.

Basi fanya hivi:

- Toa makohozi asubuhi, kabla ya kula. Sukutua mdomo kwa maji safi kwanza.
- Toka nje, mahali penye hewa, mbali na watu. Usitoe ndani ya nyumba.
- Vuta pumzi ndefu mara mbili au tatu, kisha kohoa kutoka ndani kabisa ya kifua. Tunataka makohozi mazito. Mate hayafai, na mate ndiyo sababu vipimo vingi hushindikana.
- Funga kikopo vizuri na ukilete siku hiyo hiyo.
- Toa namba ya simu na namba ya bloku iliyo sahihi. Mtu anayetoa namba ya uongo kwa sababu ya hofu hatapatikana majibu yakitoka.
- Mtoto mdogo asiyeweza kukohoa makohozi asiachwe nyumbani. Kinyesi chake kinaweza kupimwa kwa mashine hiyo hiyo. Uliza kliniki.
- Kama uliwahi kutibiwa TB, mwambie daktari. Mashine inaweza kuona DNA ya vijidudu vilivyokwisha kufa, na daktari asipojua historia yako anaweza kukuanzishia dawa usizozihitaji.
- Ukiwa kwenye dawa, maendeleo yako yatapimwa kwa hadubini au kuotesha, si kwa GeneXpert, kwa sababu hiyo hiyo. Usidhani umenyimwa.
- Ukisafiri, hata kama ni kwenda kuona ndugu Busia au Tororo, beba kadi yako ya matibabu na uage kliniki, ili upewe dawa na barua.

Na ukimsikia jirani anasema mashine itasoma ukoo wake, usimwite mjinga. Kaa naye chini, mweleze habari ya ufunguo na kufuli. Mweleze habari ya Ebola ya mwaka 2022. Akiwa bado ana wasiwasi, mlete kliniki, aombe kuonyeshwa katriji, aishike mkononi kabla haijatumika. Hiyo ni haki yake. Mtu akishakiona kitu kwa macho yake, hofu hupungua, na kikopo hujaa.